Chura Liya Mara Tatu: Jinsi ya Kusikiliza Kava na Rimiksi za Nyimbo za Filamu za Kihindi

Maswali ni yaleyale. "Huu wimbo hasa ni wa nani?" "Mbona sauti hii si ya Lata?" "Nimeandika jina, nimeletewa nyimbo chungu nzima, nianze na upi?" Kuna aliyeniuliza, kwa upole kabisa, kama kupenda rimiksi ni kuwakosea adabu waimbaji wa zamani. Nimeyajibu haya kwa mdomo miaka na miaka. Sasa nayaandika, uyasome kwa nafasi yako huku simu iko mkononi.

Siandikii mjuzi wa Kihindi. Nakuandikia wewe uliyelelewa kwenye nyumba ambayo filamu ya Kihindi haikukosekana mwisho wa wiki: wimbo unaujua mpaka kuuvumisha, jina lake hulijui. Nakuandikia pia wewe uliyeanza juzi kwa video za Kili Paul, kijana wetu wa Tanzania aliyejulikana dunia nzima mwaka 2021 akiwa na shuka la Kimasai na wimbo wa "Raataan Lambiyan" wa filamu ya Shershaah. Nikisahihishe kitu hapo hapo: Kili Paul haimbi kava, yaani hauimbi wimbo wa mwingine upya kwa sauti yake. Anafuatisha midomo, na anaifuatisha vizuri mno. Sauti unazosikia ni za Jubin Nautiyal na Asees Kaur. Na hivyo ndivyo filamu za Kihindi zenyewe zinavyofanya kazi tangu zamani. Mwimbaji anarekodi studio, mwigizaji anafuatisha midomo mbele ya kamera. Ukilishika hili, nusu ya maswali yako yamekwisha. Kwenye "Chura Liya", wimbo nitakaoutumia hapa chini, mwigizaji Zeenat Aman unamwona ameshika gitaa, sauti ni ya Asha Bhosle.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Hedifoni, hata za bei ya chini. Spika ya simu inameza besi, na rimiksi nyingi kazi yake yote iko kwenye besi.
- Bando la kutosha saa mbili hivi. Kama ni dogo, shusha ubora wa video mpaka chini. Unachohitaji ni sauti.
- Daftari, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Bilauri ya kioo na kijiko cha chai. Matumizi yake utayaona hatua ya tatu.
- Wimbo mmoja. Usije na ishirini.

Hatua

1. Chagua wimbo mmoja uliorudiwa mara nyingi

Mimi humwanzisha kila mtu na "Chura Liya Hai Tumne" wa filamu ya Yaadon Ki Baaraat, 1973. Muziki ni wa R.D. Burman, maneno ya Majrooh Sultanpuri, waimbaji Asha Bhosle na Mohammed Rafi. Nauchagua kwa sababu umerudiwa na watu wa kila namna, tena kwa njia zinazotofautiana waziwazi. Kama moyo wako uko kwenye nyimbo za taratibu zaidi, chukua "Lag Ja Gale" wa Woh Kaun Thi? ya 1964, ulioimbwa na Lata Mangeshkar kwa muziki wa Madan Mohan. Huo haupiti mwezi bila kijana fulani kukaa na gitaa akauimba upya.

Mwongozo huu nitautembeza kwa Chura Liya. Wako ukiwa mwingine, hatua ni zizi hizi.

2. Utafute wa asili, kisha uhakikishe kweli ni wa asili

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nenda polepole.

Andika jina la wimbo, jina la filamu na mwaka, vyote pamoja. Jina la wimbo peke yake halitoshi, maana herufi zinabadilika (Lag Ja Gale, Lag Jaa Gale, Chura Liya, Churaliya) na majina yenyewe yanarudiwa kwenye filamu tofauti. Ukipata video, usiamini picha iliyobandikwa. Soma maelezo chini: mwimbaji nani, mtunzi wa muziki nani. Yasipotaja mwimbaji, ondoka hapo.

*Tahadhari ya kwanza: jhankar.* Kwenye miaka ya kanda za kaseti, nyimbo za zamani zilichukuliwa zikaongezwa ngoma za umeme na mwangwi juu ya sauti ileile ya asili, zikauzwa kwa jina la "Jhankar Beats". Sauti ni ya Lata au Rafi kweli, ila zile ngoma hazikuwamo. Mimi mwenyewe nilikua na kanda kama hiyo nyumbani. Siku niliyokuja kuusikia wimbo wa asili, kwenye sahani ya santuri ya baba wa rafiki yangu, nilidhani mashine imeharibika. Palikuwa na ukimya mahali nilipozoea kelele. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba ule ukimya mtunzi aliuweka makusudi, na kwamba mwimbaji alikuwa anapumua mle ndani.

*Tahadhari ya pili: sauti zinazofanana.* Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kampuni ya T-Series ilirekodi upya nyimbo nyingi za zamani kwa waimbaji wapya, kwa sababu sheria ya India iliruhusu wimbo kurekodiwa tena muda fulani ukishapita. Siku hizi, baada ya sheria kubadilishwa mwaka 2012, muda huo ni miaka mitano. Anuradha Paudwal ameimba hivyo nyimbo nyingi. Sonu Nigam, kabla hajawa jina kubwa, aliimba za Rafi. Babla Mehta aliimba za Mukesh, mwimbaji mwingine wa zamani. Ni kazi za kuheshimika na zina wapenzi wake, na ndizo zilizotufikia wengi wetu kwa bei ya kaseti. Ila usizichukue ukadhani umempata Mukesh.

3. Sikiliza wa asili mara tatu, kila mara ukishika kitu kimoja

Mara ya kwanza, sauti tu. Achana na ngoma. Kwenye Chura Liya anaanza Asha, Rafi anakuja baadaye sana. Angalia anavyolibembeleza neno la mwisho la mstari badala ya kulikata.

Mara ya pili, vyombo. Sasa lete bilauri yako. Wimbo unafunguliwa na mlio wa kioo kikigongwa, kisha gitaa. Tia maji kidogo kwenye bilauri, igonge kwa kijiko pembeni karibu na mdomo wake, usikilize. Ongeza maji, gonga tena, sauti inashuka. R.D. Burman, ambaye wenzake walimwita Pancham, alikuwa mtu wa namna hiyo, kitu chochote kinachotoa mlio kwake kilikuwa chombo. Ukishaigonga kwa mkono wako, ule mlio hautakupita tena. Utautafuta kwenye kila kava, utajua papo hapo nani ameuweka na nani ameuacha.

Mara ya tatu, muziki wa katikati. Wimbo wa filamu una kibwagizo kinachorudi, una beti, na baina yake kuna kipande cha muziki mtupu. Watu wengi hukitumia kipande hicho kwenda kunywa maji. Usiondoke. Kwa watunzi kama Burman, hapo ndipo kuna ufundi mwingi kuliko kwenye mahadhi yenyewe, na hapo ndipo kava nyingi huanguka, kwa kuwa mwenye gitaa moja huruka moja kwa moja kwenda ubeti unaofuata.

4. Pata maana ya kibwagizo

Si lazima beti zote. Kibwagizo kinatosha. Na utakuta maneno mengi unayajua tayari, kwa kuwa sisi na wao tumeyapokea kwa Waarabu na Waajemi: duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, fikr ni fikira, safar ni safari, mohabbat ni mahaba, aashiq ni ashiki. Ongeza "dil", moyo, na "nazar", macho au mtazamo, umeshapata ufunguo wa nyimbo mia.

Kwenye Chura Liya raha iko kwenye kitenzi kimoja. Kuiba moyo na kukwepesha macho, kwa Kihindi vyote viwili husemwa kwa kitenzi kilekile cha kuiba. Kwa hiyo anayeimba anamwambia mwenzake: moyo umeshauiba, sasa usije ukayaiba na macho, yaani usinikwepe. Kiswahili hatuna njia ya kuubeba mchezo huo mzimamzima. Lakini ukishaujua, utasikia kama mwimbaji wa kava ameuelewa au anatamka herufi tu. Anayeelewa hulegeza sauti kidogo anapofika kwenye "nazar".

5. Sasa sikiliza matoleo mawili yaliyo mbali na asili, na mbali moja na jingine

La kwanza ni la Bally Sagoo, mtayarishaji wa Uingereza mwenye asili ya Kihindi aliyekulia Birmingham. Aliutoa mwaka 1994 kwenye albamu ya Bollywood Flashback. Hakuchukua rekodi ya Asha akaibandika ngoma, aliuimbisha upya, na sauti ya kike humo ni ya Reema Das Gupta. Mwendo ni wa pole, ngoma nzito, besi inatembea chini kabisa. Hapa ndipo hedifoni zinapolipa. Ni wimbo uleule wa mapenzi, lakini umevaa nguo za vijana wa mitaa ya Uingereza ambao wazazi wao walihama na kanda zao ndani ya masanduku. Burman alifariki Januari ya mwaka huohuo.

La pili ni la Kronos Quartet, wapiga fidla, viola na selo wanne wa San Francisco. Mwaka 2005 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Burman, na jina la albamu, You've Stolen My Heart, ni maana ya wimbo wetu huu huu. Mwimbaji ni Asha Bhosle mwenyewe. Alizaliwa Septemba 1933, basi hesabu: ni mama wa miaka sabini na kitu anauimba tena wimbo aliouimba akiwa chini ya arobaini, wimbo uliotungwa na mtu aliyekuja kuwa mumewe, akamzika. Sauti imepata mikwaruzo. Mimi siwezi kuusikiliza huku nafanya kazi nyingine.

Ukimaliza, rudi kwenye wa 1973. Wengi wananiambia wa asili unasikika mpya baada ya hapo, na mimi kila mara ndivyo ninavyousikia.

6. Jua unasikiliza kitu gani

Usihukumu kitu kwa kosa la kutokuwa kitu kingine. Kwa ufupi:

- *Kava*: mtu mwingine anaimba upya kwa sauti yake. Ukiona neno "unplugged", maana yake vyombo vichache visivyo vya umeme, kwa kawaida gitaa au kinanda. Bendi ya Sanam ya Mumbai ni mahali pazuri pa kuanzia. "Lag Ja Gale" yao ni ya heshima.
- *Rimiksi ya di-jei*: rekodi ya zamani, au iliyoimbwa upya, juu ya mdundo wa kuchezea. "Kaanta Laga" iliyovuma mwaka 2002 na video ya Shefali Jariwala inatokana na wimbo wa Lata wa filamu ya Samadhi, 1972. Wengi waliocheza ile ya 2002 hawakujua.
- *Wimbo uliorudiwa ndani ya filamu mpya*: siku hizi ni kawaida. "Aankh Marey" ya 1996 ilirudi kwenye Simmba mwaka 2018, na Kumar Sanu aliyeimba ya kwanza akaitwa kuimba na hiyo. "Tip Tip Barsa Pani" ya Mohra, 1994, ilirudi kwenye Sooryavanshi mwaka 2021 ikiwa na sauti zilezile za Alka Yagnik na Udit Narayan.
- *Lofi, au iliyopunguzwa mwendo*: wimbo umepolewa, umetiwa mwangwi. Mzuri wa usiku. Haufai kujifunzia mahadhi, kwa sababu mwendo wake si wa kweli.
- *Kipande kilichochotwa*: wimbo mwingine kabisa umechukua sekunde chache tu. Zile fidla kali za "Toxic" ya Britney Spears zimetoka kwenye wimbo wa filamu ya Ek Duuje Ke Liye, 1981.

7. Jiulize maswali mawili, uandike

Nini kimebaki? Nini kimeongezwa ambacho hakikuwepo? Mistari miwili kwa kila toleo inatosha.

Ukikuta kilichoongezwa ni mdundo peke yake, na kilichobaki ni kibwagizo peke yake, beti zote zimetupwa, basi unasikiliza kitu kilichofanywa haraka. Mwaka 2020 mtunzi wa muziki A.R. Rahman alitoa kauli hadharani baada ya "Masakali" yake ya filamu ya Delhi-6 kutolewa upya. Aliwakumbusha watu kwamba wimbo wa asili ulihitaji wanamuziki zaidi ya 200 na siku 365 za kuumiza kichwa, bila njia ya mkato. Nilikuwa upande wake siku ile, na niko upande wake mpaka leo. Sikatai kurudiwa kwa wimbo. Nachokataa ni kuuchukua ukauacha na vitu vichache kuliko ulivyoukuta.

8. Rudi nyuma zaidi, maana asili nayo ina ilikotoka

"Tamma Tamma Loge" ya filamu ya Thanedaar, 1990, ilirudiwa mwaka 2017 kwenye Badrinath Ki Dulhania. Watu wakabishana ipi bora. Lakini hiyo ya 1990 yenyewe imechukua kwa Mory Kanté, mpiga kora wa Guinea, kwenye wimbo wake "Tama". Mdundo umetoka Afrika Magharibi, ukaenda Bombay (Mumbai ya leo), ukarudi kwetu kwenye kumbi za harusi, tukauita wa Kihindi.

Na njia nyingine ilikuwa ya kutoka kwao kuja kwetu. Mombasa kuna taarabu ya mahadhi ya Kihindi, na bingwa wake ni marehemu Juma Bhalo. Alichukua mahadhi ya filamu akayatia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani kamili, kwa harmonia na tabla. Hiyo ni kava pia, tena kwa maoni yangu ni ya ngazi ya juu kabisa, kwa sababu maneno hayakutafsiriwa. Mahadhi yalipewa ushairi mwingine wenye uzito wake wenyewe. Kama una mzee wa Pwani karibu, mchezee wimbo mmoja wa Bhalo kisha umwulize ni wa filamu gani. Utakaa hapo mpaka jioni.

9. Tengeneza orodha yako

Weka wa asili kwanza, kisha matoleo kwa mpangilio wa miaka. Matoleo manne kwa wimbo mmoja ni mengi ya kutosha. Ukifika nyimbo tano una jioni nzima.

*Tahadhari:* ukipiga shughulini, usiweke rimiksi mara tu baada ya wa asili. Mwendo unaruka ghafla, wakubwa wanakaa chini na vijana hawajainuka bado. Weka wimbo mmoja wa mwendo wa kati baina yao.

Ukikwama

*Matoleo yote yananisikikia sawa.* Umesikiliza kwa spika ya simu, au umesikiliza mengi kwa siku moja. Vaa hedifoni, chukua mawili tu, na usikilize muziki wa katikati pekee.

*Video imefungwa, haipatikani nchini kwangu.* Tafuta kwa jina la filamu badala ya wimbo, au kwa jina la mtunzi wa muziki. Mara nyingi wimbo uleule uko ndani ya mkusanyiko wa nyimbo zote za filamu.

*Naijua sauti ya wimbo tu, jina sijui.* Programu za kutambua nyimbo hukubali hata ukivumisha kwa mdomo. Vumisha kibwagizo sekunde kumi na tano, bila ngoma ya mezani. Ukishindwa, mvumishie mama au shangazi. Mimi shangazi yangu hajawahi kunikosesha, ila jina la filamu hatoi mpaka akusimulie hadithi yake yote.

*Nilianza kupenda rimiksi, sasa wa asili unanichosha.* Hilo ni la kawaida, usijilazimishe. Rudi hatua ya nne, pata maana ya ubeti mmoja zaidi, kisha jaribu tena usiku taa zikiwa zimezimwa.

*Mzee nyumbani anasema rimiksi ni uharibifu.* Usibishane naye. Mwombe akuchagulie wimbo wa asili, msikilize pamoja mpaka mwisho, ndipo umwombe dakika nne za lile toleo la Kronos. Sauti ataitambua.

*Nataka kuimba kava yangu mwenyewe.* Tafuta muziki usio na sauti, andika jina la wimbo na neno "karaoke". Lata aliimba juu sana. Shusha ufunguo mpaka koo lako litulie, hakuna tuzo ya kuumia. Andika maneno kwa herufi zetu unavyoyasikia, kisha linganisha na yaliyoandikwa. Rekodi sauti yako bila muziki kwanza, uisikilize. Ukiiweka mtandaoni huenda ikazuiwa kwa sababu ya haki za wenye wimbo, kwa hiyo hifadhi nakala yako kwenye simu. Na bilauri na kijiko unavyo tayari, anza na ule mlio.